Nani Aliwafundisha Kina Mama wa Mlingotini

Shuleni, Msata
19 Januari 2025

Mdogo wangu Adila,

Salaam aleikum. Nimefika shule salama, ila vumbi la safari limeniingia mpaka kwenye kope. Simu nimeshaikabidhi kwa matroni, kwa hiyo mpaka mtihani wa Mei uishe, mimi napatikana kwa karatasi tu. Mwalimu Mikdad kwao ni huko kwenu Mapinga, na kila mwisho wa wiki anakwenda kulala kwake. Amekubali kutupelekea barua.

Kwanza asante kwa kuja kwetu Mlingotini Desemba, na baba mdogo umsalimie sana. Kina mama wanakuulizia. Bi Shufaa anasema hajapata kuona mtu aliyepiga picha nyingi namna ile baharini na asilowe hata kisigino. Usikasirike, anakutania. Najua unaogopa maji, na wala si aibu. Wote walianza hivyo hivyo.

Sasa nina jambo. Mwalimu Mikdad ametueleza habari za Mfuko wa Upeo, hao wanaopeleka vijana vyuo vikuu vya nje. Alama peke yake haziwatoshi. Wanataka ueleze kitu ulichokifanya nje ya darasa kwa moyo wako, na kimemsaidia nani. Nikamwambia mwalimu mimi sina kitu, sipigi kinanda wala sijawahi kwenda kongamano lolote. Akaniuliza, "Likizo huwa unafanya nini?" Nikamjibu, nawafundisha kuogelea kina mama wanaolima mwani. Akanitazama weee, kisha akasema, "Hajra, una wazimu? Sasa hicho ni nini?"

Sikuwahi kukifikiria kama kitu cha kuombea chuo. Unajua nilivyoanza. Mama mdogo Chausiku alipokufa maji kule kwenye shamba lake la mwani, wenzake walikuwa karibu kabisa, wanamwona, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea akamfuata. Walisimama wanapiga mayowe. Sisi wasichana wa pwani tunaambiwa tangu wadogo kwamba bahari si mahali petu, halafu tukishakuwa watu wazima tunapelekwa humo humo kulima. Kaka Najim ndiye aliyenifundisha mimi, kwa kujificha. Nami nikaanza na mama yangu, nyuma ya mikoko ambako wanaume hawapiti, tena tumevaa suruali na madera. Sasa hata wale waliokuwa wananicheka wanakuja.

Wewe una mshauri wa mambo ya vyuo. Nisaidie. Niandikeje?

Dada yako,
Hajra


Mapinga
26 Januari 2025

Dada Hajra, shikamoo.

Barua nimeipata, mwalimu wako kaileta mpaka getini. Nimecheka hilo la Bi Shufaa.

Kuhusu Mfuko wa Upeo, nimemuuliza kaka Haidar, mshauri wangu. Anasema hao watu wanaangalia uongozi, mambo yanayoonekana. Kwa hiyo hayo ya kuogelea usiandike. Ni kitu kidogo, halafu kina msiba ndani yake, wataona unatafuta huruma. Andika mdahalo wa shule. Au usafi wa mazingira, hiyo haikosi. Si mlipanda miti?

Mimi bado sijajua nitaandika nini. Baba kasema nisiwe na wasiwasi, atashughulikia. Anakusalimu sana.

Ila kweli dada, ya kuogelea achana nayo. Nakuomba kama mdogo wako.

Adila


Shuleni, Msata
2 Machi 2025

Mdogo wangu Adila,

Nakuandikia leo tumeanza kufunga, na sijui kama funga yangu itapokelewa kwa hasira niliyonayo.

Barua yako ilinikuta nimeshatuma maombi. Niliandika ya kuogelea, na hata hiyo ya kupanda miti ingekuwa uongo. Miti yenyewe ililiwa na mbuzi wa mpishi.

Jumatano mkuu wa shule kaniita ofisini. Mfuko umempigia simu. Wanasema habari niliyowapelekea inafanana mno na ya mwombaji mwingine aliyetangulia: kijiji kile kile, mwani, mikoko, mpaka mwanamke aliyekufa maji. Wanasema huyo wa kwanza kaleta na picha. Mimi sina picha. Kwa hiyo mwizi ni mimi.

Nikasema, "Mwalimu, aliyekufa ni mdogo wake mama yangu." Akasema, "Kila mtu ana maelezo." Asubuhi yake, kwenye paredi, shule nzima imesimama, akasema kuna msichana wa kidato cha sita ameiaibisha shule kwa kuiba kazi ya mwenzake. Jina hakulitaja. Hakuwa na haja, watu wote waligeuka kunitazama.

Adila, mtu gani huyu? Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Labda ni wale wageni waliopita mwaka juzi, labda mtu kasikia akaandika. Mwalimu Mikdad peke yake ndiye ananiamini, lakini anasema neno lake halitoshi, anatakiwa shahidi aliyeona kwa macho. Nikakukumbuka wewe. Ulikuwepo. Uliniona ndani ya maji nimemshika Bi Shufaa kichwa huku anapiga kelele kama anachinjwa. Na picha unazo! Tafadhali waandikie Mfuko, watumie hata picha moja. Hawajui kwamba ninaye ndugu aliyeona kila kitu.

Nakutegemea.

Hajra


Mapinga
9 Machi 2025

Dada Hajra,

Pole sana. Nina homa, siwezi kuandika mengi.

Naona uliache tu. Ukianza kubishana nao ndiyo watazidi kuona una hatia. Mifuko iko mingi. Soma, mtihani uko karibu.

Picha nyingi nilizifuta, simu ilikuwa imejaa.

Inshallah tutaonana Idi.

Adila


Mlingotini
16 Machi 2025

Mwanangu Hajra,

Mimi mama yako ni mzima, na kaka yako Najim naye mzima. Funga inakwenda vizuri. Barua hii anakuletea Najim mwenyewe, anapita hapo Msata kuchukua mahindi, kwa sababu sikutaka ipite Mapinga.

Kuna neno nimelinyamazia, na sasa nimesikia kwa Najim, aliyeambiwa na Mwalimu Mikdad, yaliyokufika huko shuleni, siwezi kulinyamazia tena.

Baba yako mdogo Sufiani alikuja mwanzo wa mwezi. Alikuja na fundi na ubao mkubwa umepakwa rangi ya bluu, akausimika pale tunapoanikia mwani. Umeandikwa Mradi wa Kuogelea Mlingotini, na chini yake, Mwanzilishi: Adila Sufiani. Katuletea na maboya ya kuvaa, mapya, ya rangi ya machungwa. Akatukusanya, akasema baada ya Idi watakuja wageni wa Mfuko kumwangalia Adila, na wakituuliza nani alitufundisha tuseme ni Adila.

Bi Shufaa akamuuliza, "Na Hajra je?" Akajibu, "Hajra ameridhia. Ni mambo ya familia, mtoto mmoja akipata, amepata na mwenziwe."

Mimi nilidhani kweli umeridhia. Halafu nilipoona hujui kitu, nikaogopa. Tangu baba yako afariki, ada yako analipa yeye. Umebakiza mtihani tu. Nikasema, nikimkorofisha sasa, mwanangu atarudishwa nyumbani kabla hajaingia chumba cha mtihani.

Nakuomba uvumilie. Usimjibu mtu. Maliza kwanza.

Mama yako,
Mwaija


Shuleni, Msata
20 Machi 2025

Adila,

Kwa hiyo ni wewe.

Nimekaa hapa nawatafuta wezi mpaka kwa wageni waliopita mwaka juzi, kumbe mwizi ninamwandikia barua, namwita mdogo wangu, namwomba awe shahidi wangu! Ulijisikiaje uliposoma? Ulicheka? Ulimsomea kaka Haidar?

"Ni kitu kidogo." Maneno yako hayo. Kitu kidogo, lakini umekichukua chote, hukuacha hata kamba. "Kina msiba ndani yake." Msiba huo ni wa kwetu, Adila. Mama yangu alimwosha Chausiku kwa mikono yake, mchanga wa baharini ukawa unamtoka kwenye nywele kila akimmwagia maji. Hilo nalo umeliandika? Kama hukuliandika basi liongeze, maana mengine yote umeshayachukua.

Unajua ni kazi gani kumfundisha mtu mzima asiogope maji yaliyomuulia mwenziwe? Bi Shufaa alikuja likizo nzima akikaa ukingoni tu, maji ya magoti, halafu anaondoka. Sikumlazimisha. Likizo iliyofuata akafika kiunoni. Watu kijijini walisema nawavua kina mama heshima. Imamu aliitwa. Mama yangu alikwenda kumweleza, akaeleweka. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuja siku za sikukuu, ukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ukapiga picha, ukala samaki, ukarudi Mapinga kabla ya foleni.

Na mimi ndiye niliyeaibishwa paredini.

Sitavumilia. Mama ameniambia nivumilie na ni mara ya kwanza nitamkatalia. Unao muda wa kuwaandikia Mfuko ukweli mwenyewe. Usipoandika wewe nitaandika mimi, na wasiponisikia nitaandika tena.

Hajra


Mapinga
27 Machi 2025

Dada Hajra,

Nimeisoma barua yako nimejifungia bafuni, kwa sababu humu ndani hakuna mlango mwingine unaofungwa bila mtu kuuliza unafanya nini.

Sikucheka. Na sikujua yote kama unavyodhani. Desemba baba aliniambia nipige picha za ukumbusho. Januari kaka Haidar akaja na habari imeshaandikwa, jina langu juu. Nikamuuliza baba, akasema umeridhia, umesema mwenyewe wewe utasoma hapa nchini na hii haikusaidii. Barua yako ya kwanza ndiyo iliyonifungua macho. Nilipaswa kusema siku ile. Badala yake nikajaribu kukuzuia usiandike, nikidhani usipoandika hakuna atakayeumia.

Lakini na wewe usinione kama mtu anayekaa juu ya mtumbwi tu. Tangu kidato cha kwanza mimi napelekwa. Leo kinanda, kesho mdahalo, kesho kutwa kituo cha yatima, nakabidhi sabuni, napigwa picha, tunaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nini. Ukiniuliza leo sina jibu. Wewe ulikuwa na kitu chako bila hata kujua unacho. Nilikuonea wivu, basi, nimesema.

Kuwaandikia Mfuko siwezi. Humjui baba akikasirika. Usiniite mwizi lakini.

Adila


Shuleni, Msata
6 Aprili 2025

Kwa baba yangu mdogo, Mzee Sufiani,

Shikamoo baba. Natumaini mlisherehekea Idi kwa salama.

Nakuandikia kwa heshima zote, na ninaomba usinikatize njiani, unisome mpaka mwisho.

Umewaambia kina mama wa Mlingotini kwamba nimeridhia. Baba, hukuniuliza. Laiti ungeniuliza ningekujibu: Adila na aje, nimfundishe, atufundishie na wengine, na mwakani angekuwa na habari yake mwenyewe ya kweli. Mlango ulikuwa wazi.

Ada yangu umelipa tangu baba afariki, na sitalikana hilo mbele ya mtu yeyote. Lakini sikujua kwamba nilikuwa nanunuliwa. Kama bei ya ada ni kuitwa mwizi mbele ya shule nzima, basi iache. Nitarudi nyumbani nilime mwani, na mtihani nitaufanya mwaka mwingine kwa nguvu zangu.

Kwa Mfuko nimeshaandika. Sijakutukana, wala Adila sijamtukana. Nimewaambia kitu kimoja tu, wakifika Mlingotini wawaulize kina mama.

Mwanao,
Hajra


Mlingotini
27 Aprili 2025

Mwanangu Hajra,

Jana wageni wa Mfuko wamekuja.

Walikuwa mama mmoja mtu mzima anaitwa Bi Dija na kijana wake wa kuandika. Sufiani aliwaleta kwa gari lake. Adila yumo, kainamisha kichwa, hasalimii mtu. Sisi tumevaa maboya kama tulivyoagizwa, tumepangwa mstari juani kama watoto wa chekechea.

Nakwambia kweli, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Barua yako Sufiani alikuja kunionyesha, akasema, "Mtazame mwanao anavyowajibu wakubwa." Nikamwomba radhi kwa niaba yako. Nikasema moyoni, mtihani ni wiki ijayo, nimeze tu.

Basi akasimama kuhutubia. Akasema kina mama hawa walikuwa hawana wa kuwajali. Nikameza. Akasema binti yake alipokuja likizo akaona hali yao, usingizi ukamkimbia. Nikameza. Halafu akasema, "Binti yangu amefanya haya kwa ajili ya marehemu Chausiku, aliyekuwa kama mama yake. Siku tunamzika, Adila alilia juu ya kaburi, akaapa hatakubali mwanamke mwingine azame."

Hajra, tangu lini wanawake wa kwetu wanakwenda makaburini kuzika? Na yeye mwenyewe siku ile hakuja. Alituma salamu kwamba ana kikao. Matanga yaliisha hatukumwona.

Bi Dija akauliza, "Nani kati yenu alikuwa wa kwanza kujifunza?" Bi Shufaa akanisukuma mbele. Bi Dija akaniuliza, "Siku ya kwanza ndani ya maji, nani alikushika?"

Sufiani alinikazia macho. Mimi nikamtazama Bi Dija.

Nikasema, "Alinishika Hajra, mwanangu wa kumzaa. Na huyo Chausiku anayetajwa hapa ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, na mtu huyu hata tanga lake hakukaa."

"Shemeji!" akasema.

Nikamwambia, "Shemeji, ada uliyomlipia mtoto nakushukuru, Mungu akulipe. Lakini jina la Chausiku litoe mdomoni mwako."

Kisha Bi Shufaa akafungua boya lake, akaliweka miguuni pa Sufiani. Akafuata Mwanamvua, wakafuata wengine, mpaka likawa rundo. Hakuna aliyetukana. Bi Dija akamgeukia Adila, akamuuliza, "Na wewe, binti, unasemaje?" Adila akasema, "Wanasema kweli. Mimi kuogelea sijui." Baba yake akamshika mkono, wakaondoka, wageni akawaacha pale pale. Najim ndiye aliyewatafutia bajaji ya kuwarudisha Bagamoyo.

Bi Dija kasema atampigia mkuu wako. Wewe usiwaze, ingia ukafanye mtihani. Sasa huna deni la kunyamaza, na mimi sina.

Mama yako,
Mwaija


Mapinga
8 Juni 2025

Dada Hajra,

Najua umemaliza mtihani na simu umerudishiwa, kwa sababu naona unaisoma meseji yangu na hujibu. Ndiyo maana narudi kwenye karatasi.

Mfuko wamenifuta. Kaka Haidar ameshaleta wazo jingine, kwamba nionekane napanda mikoko. Nimemwambia hapana. Baba hasemi na mimi, wala hasemi na mama yako, na nadhani itachukua muda.

Sikuandikii ili useme yameisha. Nataka kitu kimoja. Nifundishe kuogelea. Si kwa ajili ya chuo. Siku ile niliposema sijui, mbele ya kina mama wote, niliona ni jambo la ajabu kuwa nimezaliwa ukoo wa pwani na nasema maneno yale.

Ukikataa nitaelewa.

Adila


Mlingotini
13 Juni 2025

Adila,

Nimekusoma.

Nikueleze kwanza yangu yalivyokwisha, maana hukuuliza. Mfuko wameniandikia kwamba hawana tena shaka na mimi, lakini nafasi za mwaka huu zimejaa, nijaribu mwakani. Mkuu wa shule aliyeniaibisha mbele ya paredi ameniomba radhi ofisini, mlango umefungwa, tupo wawili. Nilimwambia, "Mwalimu, mbona leo hakuna kengele ya kukusanya watu?" Shule ile kuna watoto mpaka leo wanajua mimi ni mwizi, na watamaliza wakijua hivyo. Mambo kama haya hayafutiki kwa sababu tu wewe umejuta.

Na ukweli ulisema baada ya mama yangu kuusema. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Sikupi sifa kwa hilo.

Mwakani nitaomba tena. Nikipata nitakwenda, nikikosa nitasoma hapa, na vyovyote vile Jumamosi tutaingia majini. Sasa wameongezeka, wanatoka mpaka Kaole.

Njoo Jumamosi asubuhi. Njoo kwa bodaboda kama watu wengine, vaa suruali ndani ya dera, na wakubwa uwaamkie mmoja mmoja, Bi Shufaa wa kwanza. Usimweleze mtu kwamba umekuja kutusaidia. Umekuja kujifunza, utakaa na wale wanaoanza, na utafanya ninachokwambia.

Hasira yangu utaikuta, sijaiweka pembeni kwa ajili yako. Lakini ukishalala chali juu ya maji nitakushika kichwa kama ninavyomshika kila mtu, na sitakuachia mpaka mwenyewe useme niachie.

Hajra